Kuligeuza tangi kuukuu la mafuta kuwa la maji safi: mwongozo kamili kwa Mombasa

Mombasa mafuta hushukia mlangoni, maji hutoka mbali. Meli hushusha shehena Kipevu na Shimanzi, ilhali maji ya mfereji huteremka kutoka Mzima, zaidi ya kilomita 200 bara, kutoka Baricho kwenye mto Sabaki, na kiasi kutoka Marere na Tiwi. Kwa hivyo matangi ya chuma yaliyostaafu hayakosekani kwa wauza vyuma chakavu, na mwenye shule, msikiti au nyumba za kupangisha akiliona moja huanza kuhesabu mitungi. Kazi hii inafanyika, na ikifanywa sawasawa tangi hutumika miaka mingi. Ila kuna mambo mawili yasiyo na njia ya mkato: kujua tangi lilibeba nini, na kumtoa ndani yake salama kila aliyeingia.

Tuanze na hesabu ya mfuko. Kama unachotaka ni lita 10,000 au chini ya hapo, nunua tangi jipya la plastiki. Kusafisha, kupiga chuma (kukikwangua kwa chembe zinazorushwa kwa hewa ya nguvu) na kupaka epoksi, rangi ngumu inayofaa maji ya kunywa, kutamaliza nafuu yote uliyodhani umeipata. Tangi la chuma huanza kuleta maana kuanzia lita 20,000, au likiwa tayari liko kwenye kiwanja chako. Katika mwongozo huu mfano wetu ni mmoja: tangi la kulala, kipenyo mita 2.4, urefu mita 5.4, bati la milimita 6. Nusu ya kipenyo mara yenyewe, mara 3.14, mara urefu: mita za ujazo 24.4, yaani lita 24,400. Eneo la ndani ni kama mita mraba 50. Likiwa tupu lina uzito wa tani 2.3 hivi, likijaa ni karibu tani 27. Tangi lako likiwa na vipimo vingine, zidisha au punguza kwa uwiano huo.

Lilibeba nini?

Uliza hili kabla ya kuuliza bei. Muuzaji atasema "dizeli" kwa sababu anajua ndilo jibu unalolitaka. Usitosheke na mdomo wake: omba karatasi za kituo au kiwanda lilikotoka, soma kibati cha chuma kilichobandikwa ubavuni, kisha chota mabaki kupitia tundu la juu kwa kikombe kilichofungwa kamba, bila kuingiza kichwa.

Yanayofaa zaidi ni yaliyobeba mafuta ya kupikia au molasi. Mafuta ya mimea huoza na kunuka vibaya, lakini kemia yake ni rahisi: kostiki soda huyageuza kuwa sabuni, na sabuni huondoka na maji. Tangi la dizeli au la mafuta ya taa linaweza kufaa kwa maji ya kunywa, kwa sharti kwamba litapigwa hadi chuma cheupe, lipakwe epoksi iliyoidhinishwa, na maabara ilipitishe. Mafuta mazito ya tanuri na lami ni kazi ya kukatisha tamaa. Tangi la namna hiyo liachie maji ya ujenzi, ya kuzimia moto au ya kusafishia choo.

La petroli tunalikataa kwa maji ya kunywa. Petroli ina benzeni, inayosababisha saratani, na Kenya iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006 tu. Tangi lililofanya kazi kabla ya hapo huenda bado lina risasi ndani ya magamba ya kutu na tope la chini. Lililobeba oili chafu, mafuta ya transfoma, viuatilifu au kemikali usiyoijua, likatae hata ukipewa bure. Ya transfoma za zamani yaweza kuwa na sumu za PCB, na hakuna sabuni ya kuzimaliza.

Tangi la plastiki au la faibaglasi lililokaa na petroli, dizeli au mafuta ya taa nalo halioshiki. Mafuta huingia ndani ya plastiki kama rangi inavyoingia kwenye kitambaa, kisha plastiki huyarudisha kwenye maji kidogo kidogo kwa miaka. Kwa sababu hiyo hiyo, usidanganywe kwamba mfuko wa plastiki wa ndani utakuokoa kuosha. Mvuke wa dizeli hupenya polithini, na baada ya miezi michache maji yatanuka ndani ya mfuko mpya kabisa.

Chuma chenyewe

Ukisharidhika na historia, pima unene kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Kodi fundi mwenye kifaa, maana kugonga kwa nyundo hakutoshi. Pima angalau sehemu 30, na nusu yake ziwe kwenye tako la tangi. Maji hujitenga chini ya dizeli, vijidudu huishi pale maji na mafuta yanapokutana, na tindikali yao hula chuma kimyakimya. Angalia hasa mahali palipo chini kabisa ya tundu la kijiti cha kupimia. Kijiti hugonga sehemu moja kila siku kwa miaka, hukwangua ngozi ya chuma, na mara nyingi tobo la kwanza huwa hapo hapo, duara dogo kama shilingi.

Kanuni tunayoishika kwa bati la milimita 6: wastani usipungue 4.5, na kila kishimo kilichobakisha chini ya 3 kikatwe na kuwekewa kiraka. Viraka vikizidi kumi hivi, tafuta tangi jingine.

Kisha tazama maungio. Tangi ambalo mabati yake yamepandana, au lenye mishono ya ribiti, hushika mafuta katikati ya mabati mawili. Utaliosha liwe jeupe, jua la saa nane lipige, nalo litaanza kutoa jasho la mafuta kwenye mshono, mstari mwembamba unaong'aa. Mishono hiyo itabidi ikatwe na kuchomelewa upya bati kwa bati. Hesabu gharama hiyo sasa, usiikute njiani.

Kabla mtu hajaingia

Mvuke wa petroli unawaka ukiwa asilimia 1.4 tu ya hewa, nao ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini ambapo pua ya aliyesimama juu haiufikii. Dizeli ina hila yake. Katika joto la kawaida haitoi mvuke wa kutosha kuwaka, kwa hivyo welda humwaga ndoo moja ya maji, huwasha moto na kuanza kukata. Moto hupasha bati, mabaki yaliyojificha ndani ya kutu hugeuka mvuke, na tangi lililofungwa huwa bomu. Wanaokufa kwenye kazi hii aghalabu hufa kwa grinda au gesi ya kukatia, kwenye tangi waliloambiwa ni "tupu".

Hatari ya pili haina kishindo. Kutu inapoota hula oksijeni, kwa hivyo hata tangi safi lililofungwa miezi kadhaa laweza kuwa na hewa isiyotosha uhai. Anayeingia huanguka bila kelele, mwenzake humfuata kumwokoa, na wanakuwa wawili.

Basi mpangilio ni huu. Fungua matundu yote kwa spana, si kwa moto. Unganisha tangi na ardhi kwa waya wa shaba, kwa sababu mnyunyizo wa maji na upepo wa feni huzalisha umeme tuli. Nyonya mafuta yaliyobaki kwa pampu ya mkono au ya hewa. Weka feni isiyotoa cheche ivute hewa kutoka chini ya tangi na kuitoa mbali, upande unaokwenda upepo: wakati wa kusi si upande ule ule wa kaskazi, kwa hivyo tazama bendera au moshi siku hiyo hiyo. Simu, sigara, jiko la mkaa na jenereta vikae zaidi ya mita 15, upande unaotoka upepo.

Baada ya saa kadhaa za feni, teremsha kipima gesi kwa kamba na usome mara tatu: juu, katikati, chini. Kuingia kunaruhusiwa oksijeni ikiwa kati ya asilimia 19.5 na 23.5, gesi ya kuwaka ikiwa chini ya asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kulipuka (pale mvuke unapoanza kuweza kuwaka, kama ile 1.4 ya petroli), na hidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu ya mayai yaliyooza, ikiwa chini ya sehemu 10 kwa milioni. Kwa kuchomelea tunataka kipimo kisome sufuri, na kisomwe upya kila baada ya mapumziko, hata ya chai. Anayeingia avae hanesi yenye kamba iliyofungwa kwenye winchi ya miguu mitatu, na mlangoni akae mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumtazama tu. Huyo haingii kwa sababu yoyote ile. Anavuta kamba na kupiga kelele. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inazitambua kazi za ndani ya nafasi zilizofungwa kama hizi, kwa hivyo fundi anayekudharau ukidai kipima gesi hakufai.

Tope na uoshaji

Tope la chini litolewe kwa kijiko kirefu cha mbao au plastiki na ndoo, si kwa sepeto la chuma. Mwaga vumbi la mbao juu ya kilichobaki, liache linywe, likusanye. Kila kitu kiingie kwenye mapipa ya lita 200 yenye mfuniko na kichukuliwe na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Kisiwa na pwani yetu vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojaa vitundu: ukimwaga ndoo moja ya tope nyuma ya nyumba, litatokea kisimani kwa jirani. Ukimwaga ufukweni, kumbuka mkono wa bahari wa Makupa mwaka 1988, mafuta yaliyovuja kutoka tangi la kuhifadhia yalivyoua mikoko.

Sasa kuosha. Kwa tangi la mafuta ya kupikia, tayarisha lita 500 za maji ya nyuzi 60 hadi 70 na kilo 15 za kostiki soda, yaani asilimia 3. Soda hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe maji yasitiwe juu ya soda, maana huchemka na kurusha. Tumia pipa la chuma au la plastiki ngumu. Ndoo ya alumini italiwa huku ikitoa hidrojeni. Miwani ya kufunga macho yote, glavu ndefu za mpira, buti, na ndoo ya maji safi kando. Ning'iniza kirushio cha maji ndani kupitia mlango wa juu, pampu izungushe maji hayo hayo kwa saa mbili hadi tatu bila mtu ndani. Yatoke, suuza mara mbili, rudia mpaka maji yasiwe na utelezi.

Kwa dizeli, kostiki soda peke yake haitoshi, na hapa wengi hupoteza pesa. Mafuta ya madini hayageuki sabuni. Yanataka dawa ya kuondolea grisi yenye sabuni ya viwandani, ya kuchanganyika na maji, ile isiyo na harufu ya mafuta ya taa, kwa kipimo cha lebo, katika maji ya moto na kwa shinikizo. Usikubali fundi akuoshee tangi la dizeli kwa petroli au mafuta ya taa. Atakuwa amelipaka mafuta mapya. Maji ya kuoshea nayo ni taka ya mafuta, yaingie mapipani.

Utajuaje limetakata? Mwagia ukuta maji safi. Yakitandaa kama kitambaa chote kwa pamoja, sawa. Yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba, grisi ipo. Pangusa sehemu kumi kwa kitambaa cheupe. Kisha lifunge tangi siku mbili juani, fungua adhuhuri, pima gesi tena na uangalie mishono kwa tochi. Jasho likionekana, rudi kwenye kuosha.

Kuchomelea kwanza, rangi baadaye

Kila tundu, kiraka na kiguu kichomelewe kabla ya kupaka. Welda akigusa bati kwa nje baada ya epoksi kukauka, epoksi ya ndani inaungua, na hutaiona mpaka kutu ijitokeze.

Utahitaji mlango wa kuingilia wa milimita 600 wenye mdomo ulioinuka sentimita 10, ili maji ya mvua yasitiririkie ndani. Paipu ya kuingizia maji ya inchi 1½, yenye boya la kufunga. Paipu ya kutolea maji ya inchi 2, sentimita 10 juu ya tako, ili uchafu uliotulia usivutwe. Tundu la kutolea uchafu la inchi 3 mahali pa chini kabisa. Paipu ya kumwagika ya inchi 3: ikiwa ndogo kuliko ya kuingizia, boya likikwama siku ya mgao tangi litavimba au kufurika kwenye mlango. Mwisho, paipu ya pumzi ya inchi 2 iliyopindwa kuelekea chini. Bila pumzi, pampu yenye nguvu yaweza kukunja tangi zima kwa kunyonya.

Mdomo wa pumzi na wa kumwagika ufungwe wavu wa tundu la milimita 1 au chini, wa chuma kisichoshika kutu, kwa kibano cha skrubu. Mombasa imeshapata milipuko ya dengi, na ya chikungunya kuanzia mwisho wa 2017. Mbu wanaoyaeneza hutaga kwenye maji safi yaliyohifadhiwa kama haya hasa.

Kisha jaza maji mpaka juu, kaa saa 24, kagua kila mshono. Usijaribu kwa hewa ya kompresa. Hewa iliyobanwa ndani ya tangi kuukuu ikipasua mshono, hurusha vyuma. Maji huvuja tu.

Kupiga chuma na kupaka epoksi

Hapa ndipo pesa nyingi huenda, na ndipo uhai wa tangi unapoamuliwa. Ukuta upigwe kwa chembe za ganeti au slagi ya shaba hadi kiwango cha Sa 2½: chuma cha kijivu cheupe, madoa hafifu tu yakibaki, chenye ukwaruzo wa mikroni 50 hadi 75 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Kwa mita mraba 50 zenye kutu, weka bajeti ya tani 2 hadi 2.5 za slagi. Mchanga wa pwani usitumike kamwe. Unga wake huharibu mapafu ya fundi bila tiba, na chumvi yake hubaki kwenye chuma. Tena chuma kisipigwe kabla ya grisi kuisha, maana chembe huisukuma ndani ya mikwaruzo na rangi itakaa juu ya mafuta.

Adui mkubwa wa kazi hii Mombasa ni chumvi ya hewani. Ikibaki chini ya epoksi, huvuta maji kupitia rangi na kuinua malengelenge. Ukilitoboa lengelenge kwa msumari, linatoka tone la maji ya chumvi na chini yake kutu nyeusi. Kwa hivyo suuza kwa maji matamu (si ya kisima cha chumvi), pima kwa kibandiko cha kupimia chumvi, na usipake kama inazidi miligramu 20 kwa mita mraba. Unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85, na chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone. Asubuhi mapema ukuta hutoa jasho hata kama huoni. Dirisha zuri la kupaka ni saa nne asubuhi hadi saa tisa, na chuma kilichopigwa leo kipakwe leo, kabla hazijapita saa nne tangu kupigwa. Kikianza kugeuka rangi ya chai, kipigwe tena.

Epoksi iwe isiyo na kiyeyushi, yenye hati ya maji ya kunywa: NSF/ANSI 61 au BS 6920. Soma hati yenyewe, usiridhike na picha ya glasi ya maji kwenye mkebe. Rangi ya mafuta ya kawaida, lami, na epoksi ya sakafu hazifai. Kwanza paka kwa brashi mishono yote, pembe na midomo ya paipu, kisha makoti mawili, ya rangi tofauti ili uone palipokosewa, jumla ya mikroni 400 hadi 500. Mita mraba 50 kwa mikroni 450 ni lita 22.5 kwa karatasi. Ongeza theluthi kwa kinachopotea, nunua lita 30. Changanya kiasi kidogo kidogo. Kwa joto letu mkebe mzima ukichanganywa huwa moto na kuganda kabla ya fundi kufika pembeni.

Koti likishakauka, mpitisho wa sponji yenye umeme wa volti 67.5 utalia kila penye kitundu kisichoonekana. Tia alama, suguza, paka tena. Feni iendelee, na mlango ukae wazi siku saba. Haraka hapa inaonjwa baadaye: epoksi mbichi ikikutana na klorini huyapa maji ladha ya dawa ambayo hutaitoa kwa kusuuza.

Nje ni kazi fupi: koti la msingi la zinki, epoksi, na polyurethani nyeupe juu. Nyeupe si urembo; maji yenye joto hupoteza klorini upesi.

Kitanda cha zege

Tangi la kulala hukaa juu ya vitanda viwili, kila kimoja mita 1.05 kutoka ncha ya tangi ya upande wake, vikilikumbatia theluthi ya mzunguko. Msingi wa kila kitanda: mita 2.8 kwa 1.2, unene sentimita 35, juu yake ukuta wa upana wa sentimita 40. Kwa vyote viwili ni kama mita za ujazo 3.6 za zege la 1:2:4: mifuko 23 ya simiti ya kilo 50, mchanga mita 1.6, kokoto mita 3.2, pamoja na vyuma. Kwenye mwamba wa matumbawe hapana shaka. Kwenye udongo wa kujazia au karibu na shimo la choo la zamani, mwite mhandisi, kwa sababu tani 27 hazisamehi. Inua kitanda kimoja sentimita 3 hivi ili tangi liinamie tundu la kutolea uchafu, na weka ukanda wa mpira kati ya chuma na zege, uzibwe kingo. Maji ya mvua yakituama hapo hula tangi kutoka nje.

Dawa, kisha maabara

Jaza maji pamoja na klorini ya miligramu 50 kwa lita. Kwa lita 24,400 ni gramu 1,220 za klorini halisi: kilo 1.9 za unga wa asilimia 65, au lita 35 za dawa ya maji ya asilimia 3.5. Koroga unga kwenye ndoo, acha utulie, mimina maji ya juu. Acha saa 24 na paipu zote zikiwa zimejaa, kisha yatoe polepole, si kwenye mtaro wa baharini wala kwenye miti.

Jaza maji ya kawaida, yaache siku saba bila kuguswa, ndipo uchukue sampuli. Usitegemee pua. Pua hunusa dizeli mapema, lakini benzeni huanza kunukia ikiwa imezidi kiwango salama zaidi ya mara mia. Sampuli ya mafuta huchukuliwa kwa chupa ya kioo ya kahawia iliyojazwa pomoni bila kiputo cha hewa, ikapelekwa siku hiyo hiyo ndani ya sanduku la barafu. Ya plastiki hunyonya kile unachotaka kukipima. Omba vipimo vya jumla ya mafuta ya madini, benzeni (isizidi mikrogramu 10 kwa lita kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani), benzo(a)pyreni (0.7), risasi (10), na bakteria wa E. koli, ambaye hatakiwi hata mmoja katika mililita 100. Maabara ikikataa, osha na upime mara moja tena. Ikikataa mara ya pili, tangi ni la maji ya kufulia na choo.

Kulitumia

Tangi likijazwa na boza, mwaga maji ya kwanza ya paipu ya lori kabla ya kuunganisha, na pima klorini kwa kijikaratasi: kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita mferejini. Ikiwa haipo, unga wa asilimia 65 gramu 38 kwa tangi lililojaa huongeza miligramu 1. Subiri nusu saa, pima tena. Kwa mvua, paa la mabati la mita mraba 200 hutoa kama lita 160 kwa kila milimita, kwa hivyo milimita 152 hujaza tangi zima, na Mei peke yake kwa kawaida hupita hapo. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe. Yana vinyesi vya kunguru na vumbi la mwaka. Maji ya kisima cha chumvi yasiingie kwenye tangi hili, maana kitundu kimoja cha epoksi kitakuwa tobo kabla hujakiona.

Kila miezi sita fungua tundu la inchi 3 mpaka maji yatoke meupe. Mara moja kwa mwaka litoe maji yote, na kipima gesi kitangulie mtu kuingia hata sasa. Tazama mishono na malengelenge, pangusa tako kwa kitambaa cheupe. Kagua harufu hasa Februari na Machi, joto likiwa limeshika na upepo wa kaskazi ukilegea. Ikirudi wakati huo, mafuta yalibaki mahali fulani nyuma ya epoksi: andika SI YA KUNYWA kwa rangi nyekundu pande zote mbili, badilisha koki iwe ya kufungwa kwa ufunguo, na uunganishe paipu ya inchi 2 na vyoo.